Gurudumu la Mbele Likiinuka: Kompyuta Inasaidia, Lakini Uzito ni Ule Ule

Vijana wetu kwenye steji hupenda kuonyeshana kwa simu video za pikipiki kubwa za ng'ambo zikienda kwa gurudumu moja la nyuma. Utasikia mmoja akisema, "Hizo ziko na kompyuta, haziwezi kuanguka." Maneno hayo ni kweli nusu, na ile nusu nyingine inaweza kuua. Tuyachambue.

Kwa nini gurudumu huinuka?

Injini husukuma pikipiki kwa gurudumu la nyuma. Ukiongeza mafuta kwa ghafula, uzito huhamia nyuma na mbele kunakuwa kwepesi. Nguvu ikizidi, gurudumu la mbele linaachana na barabara. Hapo usukani haugeuzi kitu, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, haina kazi. Mbele kukizidi kupanda, pikipiki hupinduka na kumwangukia mwenyewe.

Kompyuta hufanya nini?

Misaada hii ilianzia kwenye breki. Mwaka wa 1988 BMW walitoa pikipiki yenye breki ambazo hazifungi gurudumu likateleza. Baadaye ikaja misaada ya kutuliza injini.

Tuchukue mfano wa Yamaha R1 ya mwaka wa 2015. Uzito wake ni karibu kilo 200, na injini ina nguvu za farasi karibu 200. Bodaboda nyingi hazifiki hata farasi 15. Ndani ya R1 kuna kifaa kinachopima jinsi pikipiki inavyoinama na inavyobadili mwendo. Vifaa vingine hupima kasi ya kila gurudumu. Kompyuta hulinganisha vipimo hivyo mara nyingi kila sekunde. Ikiona mbele kunapanda upesi, inapunguza nguvu ya injini kidogo ili gurudumu lishuke polepole.

Lakini dereva anaweza kuuzima msaada huo. Anayetaka kuinua gurudumu kwa mchezo huuzima, na hapo anategemea mazoezi yake tu. Tena kompyuta haioni ng'ombe aliye mbele, wala haiondoi mchanga kwenye kona.

Na sisi wa pikipiki ndogo?

Bodaboda za kawaida hazina kompyuta ya namna hii, lakini nazo huinuka. Hutokea zaidi mlimani, abiria akiwa nyuma na gunia limefungwa mwisho wa keria. Kwa hivyo:

1. Funga mzigo mzito karibu na dereva. Usining'inie nyuma ya gurudumu.
2. Ukiondoka mlimani, achilia klachi polepole na uongeze mafuta kidogo kidogo.
3. Unapopanda, inama mbele. Mwambie abiria akusogelee.
4. Gurudumu likiinuka, punguza mafuta mara moja na ukanyage breki ya nyuma taratibu.
5. Vaeni kofia ya kujikinga, wewe na abiria wako.

Kompyuta ya bodaboda ni mkono wa dereva na akili ya anayefunga mzigo. Kijana anayeinua gurudumu barabarani ili ashangiliwe amejinyima usukani na breki ya mbele kwa wakati mmoja, na mtoto anayevuka njia hajui hilo.

Maswali ya kujadili kikundini

- Mizigo yetu hufungwa wapi, na ni nani hukagua kabla ya safari?
- Ni mlima gani hapa kwetu ambapo abiria afadhali ashuke atembee?
- Tutawaambiaje vijana wanaofanya mchezo huu, ili wasikie bila kudharauliwa?