Fasihi na Mazingira katika Darasa Kubwa

Kwa muda mrefu ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili umejengwa juu ya mgawanyo wa fani na maudhui. Katika mgawanyo huo, mahali pa kisa huitwa mandhari na kuorodheshwa pamoja na muundo, mtindo na wahusika. Mwanafunzi hutaja kijiji au bahari, kisha husonga mbele. Uhakiki wa kiikolojia, ambao jina lake lilianza kutumiwa na William Rueckert mwaka 1978, hupinga mazoea hayo. Huuliza matini inahusiana vipi na ardhi, maji, mimea na wanyama.

Swali hilo huwa gumu zaidi katika kozi yenye mamia ya wanafunzi. Ukumbi ukifurika, mhadhara huelekea kuwa imla na nadharia hugeuka fomula. Mwanafunzi husaka mti uliokatwa katika riwaya, huuita uharibifu wa mazingira, na kujipatia alama. Hivyo fasihi hufanywa bango la kampeni, ilhali yenyewe haijasomwa.

Mifano miwili yadhihirisha hatari hiyo. Wa kwanza ni *Al-Inkishafi*, utenzi unaonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Humo majumba ya fahari ya Pate yamekuwa magofu, na wakaazi wake ni ndege na wadudu. Msomaji wa pupa ataona ushindi wa maumbile dhidi ya binadamu. Hata hivyo, mshairi anauasa moyo wake juu ya hadaa za dunia, na viumbe hao ni mashahidi wa watu waliotoweka. Nadharia isiyozingatia imani iliyouzaa utenzi huupachika maana isiyo yake.

Mfano wa pili ni *Rosa Mistika* (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Kwa kawaida husomwa kama kisa cha malezi na maadili. Msomaji wa mazingira huuliza pia kisiwa na ziwa vinaamua nini katika maisha ya wahusika. Lakini Ziwa Victoria la riwaya hiyo silo la leo. Sangara, waliopandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, waliongezeka mno katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Kuyasoma maafa hayo ndani ya riwaya iliyoyatangulia ni kosa la kihistoria. Kuitumia riwaya kukumbuka ziwa lililokuwapo ni usomi.

Kwa hiyo, wingi wa wanafunzi haulazimishi wepesi wa fikra. Mhadhara waweza kutoa historia na istilahi, na semina za vikundi vidogo zikabaki mahali pa kusoma aya moja kwa makini. Maswali matatu yatosha: ni vitu gani vya asili vimetajwa kwa majina yao? Nani anavitumia, na kwa manufaa ya nani? Kisa kikihamishiwa mahali pengine, ni nini kitakachopotea? Iwapo jibu la swali la mwisho ni kwamba hakuna, basi hayo ni mandhari tu. Iwapo kisa chenyewe kitavunjika, mazingira yamekuwa sehemu ya maana.

Darasa lenye wanafunzi kutoka pwani, maziwani na nyikani lina hazina ambayo mhadhiri mmoja hana: majina ya samaki, ya miti, ya pepo na ya udongo. Majina hayo yakikosa nafasi katika uhakiki, taaluma hupoteza msamiati wake kabla ya kupoteza misitu.