Ufufuo wa Mwili Mahali Pasipo na Kaburi

Fundisho la ufufuo, yaani imani kwamba Mungu atawainua wafu wakiwa na mwili wala si roho pekee, hukutana na jaribu zito katika teritwari za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ambako tangu mauaji ya sokoni Ntoto mnamo Machi 1993 familia nyingi zimefiwa bila kupata maiti ya kuzika, baadhi ya marehemu wakiangukia porini walipokuwa wakikimbia vita, wengine wakifukiwa na udongo katika machimbo ya Rubaya. Matanga, yaani siku ambazo ndugu na majirani hukaa na wafiwa, hufanyika hata hivyo, lakini hakuna udongo wa kutupia kwa mkono, hakuna msalaba wa mti, wala mahali pa kurudi kung'oa majani.

Mfiwa huuliza Mungu atamwinua mtu wake kutoka wapi, na swali hilo ni la kale. Mwaka 177, mjini Lyon, Ufaransa ya leo, watesi walichoma miili ya mashahidi wa Kikristo na kuyatupa majivu katika mto Rhône, makusudi wawanyime tumaini la kufufuka. Kanisa halikutetereka, kwa kuwa lilitegemea uwezo wa Muumba, si mabaki.

Wanyanga wa Walikale nao wana utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, ambamo shujaa huwafufua watu wa kijiji cha Tubondo kwa usinga wake, kila mmoja akiendelea na alilokuwa akilifanya alipofikwa na mauti. Hamu ya kurudishiwa mtu vilevile alivyokuwa ndiyo inayomwandama mfiwa; lakini Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anafundisha kwamba kinachofufuka kimegeuzwa, kama mbegu inavyogeuka mmea, na kwa hiyo mama aliyefariki hatarudi kuanika mihogo uani, na pengo lake ni halali kuliliwa.

Mahubiri yanayowakemea wafiwa wanaolia, kana kwamba machozi ni upungufu wa imani, hayana msingi katika Injili, maana Yesu alimlilia Lazaro hali akijua kwamba angemfufua punde. Wakatoliki huwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba, na Waprotestanti, wasiowaombea wafu, humshukuru Mungu kwa maisha yao. Katika ibada zote mbili yafaa majina ya waliopotelea porini yatajwe pia, bila kuzidai familia kwanza ushahidi wa kaburi.