Peke Yake Jangwani, kwa Maji ya Wengine

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Shuleni tuliikariri hesabu hii tukaisahau, lakini anayetaka kuvuka jangwa kwa baiskeli hulala nayo na kuamka nayo. Mtu anayenyonga pedeli kutwa juu ya mchanga, jua likimpiga kisogoni, anaweza kunywa lita nane hadi kumi kwa siku, na hapo hajapika wala hajanawa uso. Akiamua kubeba maji ya siku tano, keria yake imeshabeba mfuko mzima wa saruji. Ukijumlisha chakula, hema, vipuri na uzito wa baiskeli yenyewe, tairi itazama kwenye mchanga kabla hajatoka mjini.

Ndiyo maana kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba Njia ya Canning, Australia Magharibi, haivukiki kwa baiskeli bila gari la kufuata nyuma. Ni njia ya vumbi na mchanga yenye urefu wa kilomita 1,850 hivi, kutoka Halls Creek kaskazini hadi Wiluna kusini. Ukitoka Mombasa na kufika Kampala, bado ungekuwa na zaidi ya kilomita mia sita za kwenda. Katikati yake hakuna mji. Kuna kijiji cha Kunawarritji, karibu na Kisima namba 33 kati ya visima vya njia hiyo, ambako msafiri hupata duka na mafuta ya gari. Zaidi ya hapo ni majangwa yanayopokezana, na matuta ya mchanga zaidi ya 900.

Mwaka 2005 Jakub Postrzygacz, kijana kutoka Poland, aliivuka njia hiyo peke yake kwa siku 33. Hakuwa na gari la msaada. Baiskeli yake ilikuwa na tairi nene kuliko za kawaida, na nyuma yake alikokota kitoroli cha gurudumu moja. Chakula chote cha safari alikibeba tangu siku ya kwanza. Kwa wapenda baiskeli jina lake likawa kubwa, na kwa haki kabisa.

Tuta la mchanga halipandwi kwa nguvu za miguu peke yake. Kwanza unatoa upepo kwenye tairi, tena unautoa mwingi kiasi cha kumtia fundi baiskeli yeyote wa mtaani kiherehere, mpaka mpira ulale bapa na kukanyaga mchanga kwa upana badala ya kuuchimba. Unashika kasi kule chini, unanyonga bila kusimama wala kuyumbisha usukani, kwa sababu gurudumu la mbele likipinda kidogo tu linajizika. Mara nyingi kasi huisha kabla ya kilele. Basi unashuka, unasukuma, miguu ikizama hadi kifundoni. Ukifika juu unaona mbele yako tuta jingine, na jingine nyuma yake, maana mistari ya matuta hukaa kwa upana wa jangwa na njia inaikata kama ngazi. Kati ya tuta na tuta kuna ardhi ngumu, lakini hiyo nayo magari yameikunjakunja mawimbi madogo yanayotikisa meno na kulegeza kila skrubu. Madereva wa barabara ya zamani ya Isiolo kwenda Moyale, kabla haijawekwa lami, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, ushujaa wote huo ungeishia kwenye siku ya nne au ya tano kama si visima. Na visima vina historia ambayo picha za mashujaa wa baiskeli hazionyeshi.

Mambo yalianza na kupe. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji wa Kimberley Mashariki, upande wa kaskazini, walikuwa na ng'ombe wengi, na migodi ya dhahabu ya kusini, Kalgoorlie na Coolgardie, ilikuwa na njaa ya nyama. Lakini ng'ombe wao walikuwa na kupe waletao ugonjwa, na serikali ikazuia wasipelekwe kusini kwa meli. Ndipo likaja wazo: wapitishwe jangwani, ukavu uwaue kupe njiani. Mwaka 1906 mpima ardhi Alfred Canning akatumwa kutafuta njia yenye maji, kila kisima kiwe mbali na mwenzake kwa mwendo ambao ng'ombe wanaweza kuumudu.

Canning alikuwa mgeni wa nchi ile. Maji ya jangwa hilo hayaonekani kwa macho ya mgeni: shimo dogo chini ya mwamba, chemchemi iliyofunikwa na nyasi, sehemu ya mchanga ambayo ukiichimba kwa mikono maji hujikusanya taratibu. Wenyeji, Wamartu, Wawalmajarri na wengine, waliyajua yote, kwani ndiyo yaliyowaweka hai kwa vizazi visivyohesabika. Canning akawakamata, akawafunga minyororo shingoni na kuwalazimisha wampeleke. Mpishi wa msafara wake, Edward Blake, aliporudi alilalamika hadharani, na mwaka 1908 ikaundwa tume ya uchunguzi. Canning hakukana minyororo. Tume ikamsafisha, na mwaka huohuo akarudi jangwani kuchimba visima, safari hii akiwa na watu 31, ngamia 70, mbuzi 267 na shehena ya chakula na vifaa. Kufikia 1910 kazi ilikuwa imekwisha.

Visima vingi vilichimbwa palepale kwenye maji ya wenyeji. Shimo ambalo mama alikuwa akiinama na kuchota kwa chombo cha mti likageuka kisima kirefu chenye kuta za mbao, roda na ndoo nzito ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya kunywesha kundi. Mtu mmoja mwenye kiu asingeweza kuivuta. Wenyeji wakavibomoa baadhi ya visima, na wapeleka ng'ombe wakauita uharibifu. Damu ilimwagika pia. Mwaka 1907 Michael Tobin wa msafara wa Canning alipigana na Mwalmajarri mmoja, mkuki kwa bunduki, wakafa wote wawili. Kaburi la Tobin liko karibu na Kisima namba 40, na lina jiwe lenye maandishi. Mwaka 1911 wapeleka ng'ombe wa mwanzo waliuawa karibu na namba 37.

Kwa msomaji wa Marsabit au Moyale habari hii haihitaji ufafanuzi. Kwa Waborana kisima kina mwenyewe, kina zamu, na kina msimamizi, aba herega, anayejua leo ni mifugo ya nani na kesho ya nani. Mgeni hunyweshwa, lakini baada ya kuomba. Canning hakuomba. Kwa hiyo tunaposoma kwamba fulani amevuka jangwa "bila msaada wa mtu", mimi huwa nasita. Hakuna msaada uliotoka kwenye gari, sawa. Lakini kila asubuhi alipojaza chupa zake alikuwa akinywa maji ambayo mtu fulani alionyesha akiwa na mnyororo shingoni.

Simlaumu mwendesha baiskeli. Yeye hakumfunga mtu. Ninachokataa ni lile neno "tupu" ambalo waandishi wa safari hulipenda mno, kwamba ile ni nchi tupu. Nchi tupu haina visima.

Wala kuvuka majangwa ya Australia kwa baiskeli si jambo la jana. Mwaka 1896 Arthur Richardson alitoka Coolgardie kwa baiskeli na kufika Adelaide baada ya siku 31, akivuka uwanda wa Nullarbor usio na miti. Alifuata nguzo za telegrafu. Mwaka uliofuata Jerome Murif alianzia ufukwe wa Glenelg, karibu na Adelaide, akapita katikati ya bara hadi Darwin, akiwa amevaa pajama kwa sehemu kubwa ya safari. Hilo la pajama limewachekesha watu kwa zaidi ya miaka mia, ingawa ukifikiri vizuri ni vazi la busara kwa joto lile. Naye alikuwa na nguzo za telegrafu za kumwongoza, na kwenye vituo vya telegrafu aliweza kupata maji na chakula.

Wakati huo migodini kulikuwa na wapanda baiskeli wengi waliobeba barua na telegramu kutoka kambi hadi kambi. Farasi alihitaji maji na majani, na vyote viwili viliuzwa ghali; baiskeli haikunywa. Na walipita wapi? Si kwenye barabara za mikokoteni, kwani magurudumu ya chuma na kwato zilikuwa zimezichimbua zikawa unga. Walipita kwenye vijia vya ngamia. Unyayo wa ngamia ni mpana na laini. Msafara ukipita mara nyingi husukuma mawe pembeni na kuishindilia ardhi mpaka inakuwa ngumu na nyororo. Vijia hivyo vilitengenezwa na misafara ya watu walioitwa "Waafghani", ingawa wengi walitoka Baluchistan, Punjab na Sindh. Wengi wao walikuwa Waislamu, na walijenga msikiti Adelaide kabla karne ya 19 haijaisha. Magazeti ya siku hizo yaliwasifu wapanda baiskeli na kuwakebehi wenye ngamia.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Ng'ombe wa mwisho walipita Njia ya Canning mwaka 1959. Mwaka 2002 Wamartu walitambuliwa na mahakama kuwa wenye haki ya asili juu ya sehemu kubwa ya nchi yao, na wasafiri wa magari wanaopita njia hiyo sasa huomba kibali kwa wenyeji. Mwaka 2010 Makumbusho ya Taifa mjini Canberra yalifanya maonyesho makubwa ambamo wasanii wa jangwa waliichora njia hiyo wanavyoijua wao: chemchemi na nasaba, si namba za visima. Hata ziwa la chumvi ambalo mvumbuzi mmoja aliliita Disappointment, kwa uchungu wa kutokuta maji matamu, tangu 2020 linaitwa rasmi Kumpupintil.

Waliobaki ni ngamia. Malori yalipoingia, wenye misafara waliwaachia wanyama wao, nao wakazaana na kuenea jangwani. Wakati wa kiangazi hutafuta maji kama kila kiumbe, na wengine hutumbukia kwenye mabwawa na visima na kufia humo. Kwa hiyo mwenye baiskeli akifika kisimani jioni, hatupi ndoo mara moja. Huinama kwanza na kunusa. Yakiwa na harufu huyaacha, na ndipo ile akiba aliyoilaani kwenye kila tuta inapomfikisha kisima kinachofuata.