Baghdad ya Darasani na Pwani ya Kwetu



Kila muhula watoto wetu wa shule za msingi hapa Uingereza hurudi nyumbani na mada mpya ya historia. Mara ni Warumi, mara ni Wamisri wa kale, mara ni Waviking. Tunawasaidia kuchora piramidi na kukata ngao za karatasi, na tunafanya vyema, kwani elimu haina mwenyewe. Lakini miaka hupita, mtoto akafika umri wa kuingia sekondari, naye hajapata kusikia darasani jina la Kilwa wala la Pate. Kukosa somo moja ni jambo dogo. Tunachokihofia ni kwamba atajijengea fikira, bila ya mtu kumwambia, kuwa watu wake walikaa kando wakati wengine wakiitengeneza dunia.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu walimu. Mtaala wa England ulioanza kufundishwa Septemba 2014 unaagiza watoto wa miaka 7 hadi 11 wasome habari za jamii moja isiyokuwa ya Ulaya, na shule huchagua moja katika tatu: ustaarabu wa mwanzo wa Kiislamu, pamoja na Baghdad ya mnamo mwaka 900, Wamaya wa Amerika ya Kati wa wakati huohuo, au Benin ya Afrika Magharibi, baina ya mwaka 900 na 1300. Pwani ya Afrika Mashariki haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo, shule ikichagua Baghdad, mlango wa kwetu umekwisha funguliwa. Kilichobaki ni sisi kumshika mtoto mkono tukaingia naye.

Darasani ataelezwa kwamba mji huo uliasisiwa na Khalifa al-Mansur mwaka 762, ukajengwa kwa umbo la duara, na kwamba humo alifanya kazi al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa dunia neno aljebra. Nyumbani tumwongezee haya. Baghdad ndiko alikozaliwa al-Masudi, mwanahistoria na msafiri. Mnamo mwaka 916 alirejea Oman kwa bahari kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanakiweka Pemba. Aliandika kwamba kisiwani humo walikuwamo Waislamu, na kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na China. Wakati huo, kule Shanga katika kisiwa cha Pate, watu walikuwa na msikiti wao. Waakiolojia waliochimba hapo katika miaka ya 1980 walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwengine, na ule wa chini kabisa ni wa karne ya nane. Mtoto akiyajua haya, Baghdad haitakuwa tena mji wa watu wa mbali, kwa kuwa meli zilizobeba bidhaa zake zilifika kwao.

Jiografia nayo tuisome kwa njia hiyohiyo. Itandazeni ramani ya Bahari ya Hindi juu ya meza baada ya chakula cha usiku. Mwonyesheni mtoto jinsi kaskazi inavyovuma tangu mwezi wa Desemba hadi Machi, ikavileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na jinsi kusi inavyogeuka kuanzia Aprili na kuvirudisha. Hapo ataelewa kwa nini wageni walilazimika kukaa pwani miezi kadhaa wakingojea upepo, na kwa nini wengi walioa na kuzaa huko. Ataelewa pia kwamba anaposema kaskazini na kusini, anazitaja pepo mbili za mabaharia wa kale.

Lugha yetu yenyewe ni somo la mchanganyiko wa watu. Mpeni mtoto sentensi hii aichambue: kitabu kiko juu ya meza ya shule. Kitabu ni neno la Kiarabu, meza ni la Kireno, shule ni la Kijerumani. Lakini kile "ki" kinachounga kitabu na "kiko", pamoja na mpangilio wote wa sentensi, ni cha Kibantu. Tusimwambie kwamba Kiswahili kimezaliwa Arabuni, wala tusimwambie kwamba hakikupokea kitu. Jirani yake wa Barawa, anayesema Chimiini nyumbani, na mwenzake wa Ngazija ni mashahidi wa historia hiyohiyo.

Liko jambo ambalo nyumba zetu nyingi hulinyamazia, nalo ni utumwa. Katika Iraki hiyohiyo ya makhalifa, baina ya mwaka 869 na 883, watumwa waliofanyishwa kazi ya kuondoa chumvi katika ardhi ya karibu na Basra waliasi, na jina walilopewa ni Zanji. Miaka elfu moja baadaye, soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tu mwaka 1873, na hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria hadi 1897. Miongoni mwetu wamo wajukuu wa waliouzwa, wamo wajukuu wa waliouza, na wamo waliotokana na wote wawili. Mtoto akilisikia hili kwanza kwa mwenzake wa darasani, atauliza kwa nini sisi tulimficha. Tumweleze kwa maneno ya umri wake: watu walichukuliwa kwa nguvu, ilikuwa dhuluma, walipigania uhuru wao, na vizazi vyao ni jamaa zetu.

Basi tuanze na lililo karibu. Mwanzoni mwa muhula tumwulize mwalimu mada zitakazosomwa, na ikiwamo Baghdad, tumwombe atutengee nusu saa ya kuzungumzia pepo na biashara ya Bahari ya Hindi. Tumpeleke mtoto British Museum, mjini London, ambako kiingilio cha jumla ni bure. Makumbusho hayo yanahifadhi vigae vya vyungu kutoka Kilwa, ambavyo mwaka 2010 vilitiwa katika vitu 100 vilivyochaguliwa kuisimulia historia ya dunia. Na tunapopiga simu nyumbani, tumpe mtoto amwulize bibi au babu majina ya vyombo alivyoviona bandarini utotoni mwake. Mwalimu wa shule hawezi kuyajibu hayo, na wanaoweza wanapungua kila mwaka.