Samaki wa umeme na waya wa pompi

Ndugu mfanyakazi, pengine umeiona katika nyumba ya video, hapa Nyamitaba au kule Masisi, ile filamu ya Marekani ya mwaka 2014 iitwayo The Amazing Spider-Man 2. Fundi wa umeme anaanguka ndani ya tangi lililojaa mikunga wa umeme. Wanamzonga, wanampiga, halafu anatoka humo mwili ukiwaka rangi ya buluu. Watoto hupiga kelele. Na wakubwa wengine, kesho yake, wanaogopa kuvuka mto!

Tuseme ukweli. Mkunga huyo hayuko Kongo. Yeye ni wa Amerika ya Kusini, katika mito ya Amazon na Orinoco. Sisi tuna kambale wa umeme, ambaye wasemaji wa Lingala humwita nina. Anaishi katika mito ya bonde la Kongo, na Lualaba ni mmojawapo, ambamo maji ya Walikale huingia kwa njia ya mto Lowa. Ni mnene, laini, na mgongoni hana pezi ila kile kipezi cha nyama karibu na mkia. Mvuvi aliyemshika mara moja hahitaji kuelezwa zaidi.

Je, anaua? Kambale huyu hufikia volti 350. Mkunga mmoja wa Brazili alipimwa volti 860, kama ilivyotangazwa mwaka 2019. Umeme wa nyumbani ni volti 220 tu, nao unaua. Utauliza, hesabu gani hiyo? Jibu ni muda. Samaki hupiga vipigo vifupi mno, kila kimoja kama sehemu 2 katika 1000 za sekunde, kisha anachoka. Jenereta haichoki. Umeme wake hupita mfululizo, hukaza misuli ya mkono hata usiweze kuachia waya, na huvuruga moyo. Hatari kubwa ya samaki ni kukulegeza ukazama. Mwaka 1800 huko Venezuela, mtaalamu Mjerumani Humboldt aliona farasi wakisukumwa katika dimbwi la mikunga. Farasi 2 walikufa, naye aliamini kwamba walizama baada ya kupigwa bumbuazi.

Sasa rudi kwenye filamu, maana wengi hawakuangalia dakika iliyotangulia. Yule fundi alikuwa peke yake, akiunganisha waya ambao umeme wake haukukatwa. Waya ndio uliomwangusha! Samaki walikuja baadaye.

Nawe shimoni una pompi majini, waya wake umechubuka na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, na buti zako zina matundu. Kabla ya kuigusa, zima jenereta, na mtu mmoja abaki kulinda swichi. Mwenzako akipigwa, usimshike, wala usiingie katika maji yale. Zima kwanza. Ikishindikana, simama pakavu umwondoe kwenye waya kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, mlaze chali mahali pagumu, bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua kwa mikono miwili, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akikimbia kumwita muganga. Kumwagia maji au kumfukia mchangani, kama wengine wanavyoshauri, ni kumpotezea dakika zake.