Viatu vya Owino, maji ya ziwa: triathloni inaanzia Nakivubo

KAMPALA. Kabla jua halijachomoza Nakivubo imeshaamka. Wabeba mizigo wanapishana kwenye vinjia vyembamba kati ya ukuta wa uwanja wa michezo na Soko la St Balikuddembe, ambalo kila mtu bado analiita Owino. Marobota ya mitumba, au mivumba kama wanavyosema Waganda, yanakatwa kamba, na wanunuzi waliolala kwenye basi wanainama kuchagua mapema. Anayefika saa nne hukuta zile nzuri, ambazo kule Gikomba huitwa kamera, zimeshaondoka.

Ndani ya marobota hayohayo mna karibu kila kitu anachohitaji mtu anayetaka kushiriki triathloni ya masafa mafupi: viatu vya kukimbilia, kaptula za kubana, fulana zinazokauka upesi, hata nguo za kuogelea ambazo wanunuzi wengi huzipita bila kuzitazama. Triathloni ni mashindano ya fani tatu kwa mfululizo, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na saa haisimami mpaka mtu avuke mstari wa mwisho. Masafa mafupi ni mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli na kilomita 5 kwa miguu.

Kwa mtu wa Kampala hesabu hiyo si ngeni. Kilomita 20 ni kama kutoka katikati ya jiji hadi Mukono, umbali ambao kuna watu wanaupiga kila siku kwa baiskeli ya chuma yenye mkungu wa matooke nyuma. Kilomita 5 ni matembezi ya mchuuzi anayezungusha bidhaa zake kuanzia Kikuubo tangu asubuhi. Mita 750 ndizo zenye maneno. Ni kama viwanja saba vya mpira vilivyopangwa mstari mmoja, vyote vikiwa maji.

Uganda inajulikana duniani kwa miguu. Agosti 14, 2020, mjini Monaco, Joshua Cheptegei alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36 na kuweka rekodi ya dunia. Umbali huo ndio kipande cha mwisho cha triathloni fupi, ingawa Cheptegei hakuwa ametoka majini wala kushuka kwenye baiskeli. Mshiriki wa kawaida, mwenye duka na watoto wa kusomesha, akimaliza kipande hicho kwa nusu saa amefanya vizuri. Wataalamu wanaume humaliza fani zote tatu chini ya saa moja. Wengi wa ridhaa huchukua saa moja na nusu, na wapo wanaofika saa mbili na bado wanapewa medali ileile ya kumaliza.

Mchezo wenyewe si wa kale. Mashindano ya kwanza kuitwa triathloni yalifanyika Mission Bay, San Diego, Marekani, Septemba 25, 1974. Uliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, na Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2002 kule Manchester. Katika kanda hii jina lake lilipaa Agosti 2022, pale Rubavu, Rwanda, ilipoandaa mashindano ya Ironman 70.3, ambayo ni marefu zaidi: kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, 90 kwa baiskeli na 21.1 kwa miguu. Wafanyabiashara wanaovuka kati ya Gisenyi na Goma wanaujua ufukwe huo vizuri. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2025, Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Kwa hiyo mtu wa Kampala anayetaka kuona kiwango cha juu hahitaji tena tiketi ya ndege.

Ila kabla ya Rubavu kuna maji, na maji ndiyo yanayowarudisha wengi nyumbani. Watu wa Afrika Mashariki wanaishi kandokando ya ziwa kubwa kuliko yote barani na wengi wao hawajui kuogelea. Wanaofanya biashara ya ziwani wanajua gharama yake. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa, wengi wao wachuuzi waliokuwa na mizigo yao. Septemba 2018 ilikuwa MV Nyerere, karibu na kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 220. Miezi miwili baadaye, Novemba 24, boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, si mbali na Kampala, zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha huku nchi kavu ikionekana kwa macho.

Mbinu ya kuogelea peke yake haiokoi kila mtu katika ajali ya meli. Msongamano, giza na kukosekana kwa makoti ya kujiokolea huua hata waogeleaji. Hata hivyo mtu aliyejizoeza kuelea, kupumua pembeni na kutopapatika ana dakika ambazo mwenzake hana. Mfanyabiashara anayevuka kwenda Kalangala au Ukerewe kila wiki ana sababu ya kujifunza mita 750 hata kama hatavaa namba ya mashindano maishani.

Mafunzo huanzia bwawani. Kampala ina mabwawa ya hoteli, ya shule na la Chuo Kikuu cha Makerere, na mengi hutoza kiingilio cha siku. Kwenye bwawa la mita 25, mita 750 ni kuvuka mara 30. Anayeanza akiwa mtu mzima hawezi kuvuka mara mbili bila kushika ukingo, na hilo si aibu. Kosa linalowarudisha nyuma wengi ni kutumia nguvu: wanapiga maji kama wanaofukuza nyuki, wanainua kichwa chote kutafuta hewa, miguu inazama, pumzi inaisha. Mwalimu mzuri hutumia wiki za mwanzo kufundisha jambo moja tu, kutoa pumzi ndani ya maji. Mengine hufuata.

Ziwani ni habari nyingine. Hakuna mistari chini ya kuonyesha njia, hakuna ukingo, na mamia ya mikono na miguu inakupiga mwanzoni. Waliozoea huinua macho kidogo kila baada ya mikono kadhaa kutafuta boya. Sheria za mchezo ni za huruma kuliko wanavyodhani wageni: mshiriki anaruhusiwa kuogelea mtindo wowote, na anaweza kushika boya au mtumbwi uliosimama akapumzika, almuradi hausogezi mbele. Na maji ya ukanda wetu yana joto, jambo linalopunguza gharama. Zile suti za mpira zinazouzwa ghali Ulaya haziruhusiwi kwa washiriki wa ridhaa wa masafa haya maji yakizidi nyuzi 22 za Selsiasi, na Ziwa Victoria kwa kawaida liko juu ya hapo.

Uchaguzi wa mahali pa kuogelea una uzito wake, na hapa Nakivubo yenyewe inaingia kwenye hadithi. Mfereji wa Nakivubo unaokatiza sokoni hubeba maji ya mvua, taka na uchafu wa jiji, hupita kwenye ardhi oevu upande wa Luzira na kumwagika Ghuba ya Murchison, ambako pia ndiko yanakochotwa maji ya bomba ya Kampala, pale Ggaba. Mvua kubwa ikinyesha mfereji hufurika, na wenye vibanda vya chini huokoa marobota kwanza kabla ya kujiokoa wenyewe. Mwogeleaji mwenye busara huiacha ghuba hiyo, hasa siku ya pili baada ya mvua. Pengine popote ziwani kuna kichocho, kinachoenezwa na konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo ni vizuri kupimwa wiki kadhaa baada ya kuogelea. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na hupatikana.

Turudi sokoni. Kiatu cha kukimbilia kilichotumika kinaweza kuwa mali au hasara, na macho peke yake hayatoshi, maana Nakivubo kuna mabingwa wa kuosha na kupiga brashi mpaka kiatu cha miaka mingi kiwe kama cha jana. Kinachozeeka ni povu la katikati ya soli. Mnunuzi anayejua hulibonyeza kwa dole gumba: likiwa gumu kama ubao, magoti yatalipa. Hukikunja kiatu kuona kama gundi inaachia, kwa sababu kiatu kilichokaa miaka kwenye kontena hufunguka mdomo siku ya kwanza kikilowa, na katika triathloni miguu huingia kiatuni ikiwa na maji. Mwisho hutazama kisigino, kama kimelika upande mmoja. Mwenye kiatu cha kwanza alikuwa na mwendo wake, na soli imeukariri.

Kitu kimoja hakifai kununuliwa mtumba hata kwa bei ya kutupa: kofia ya baiskeli. Povu lake likishapata pigo mara moja halilindi tena, na ufa unaweza usionekane kwa nje. Mashindano yenyewe hayana mchezo hapo. Kofia lazima ifungwe kidevuni kabla mtu hajaigusa baiskeli yake, na haifunguliwi mpaka baiskeli irudi mahali pake.

Baiskeli si lazima iwe ya mashindano. Mashindano mengi ya ridhaa hupokea hata ya milimani, breki zikiwa nzima. Ile nzito ya kazi, ambayo Waganda huitania kuwa ni nguvu za kifua, itamchosha mtu milimani lakini imefunza mapaja mengi. Watu wa Busia hawahitaji somo hapa: neno bodaboda lilizaliwa mpakani, kwa vijana waliovusha abiria na mizigo kwa baiskeli kati ya vituo viwili. Jambo wanalopaswa kulisahau ni tabia ya kuchunga nyuma ya lori. Katika mashindano mengi ya ridhaa kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukingie upepo ni kosa. Mwachano ni mita 10, na anayeupita ana sekunde 20 za kumaliza kumpita aliye mbele.

Katikati ya fani kuna eneo la kubadilishia, ambalo mfanyabiashara atalielewa haraka kuliko mwanariadha. Ni kama kituo cha pamoja cha mpakani. Makaratasi yakiwa tayari, mtu anapita. Yakiwa chini ya gunia la tatu, foleni inampita yeye. Viatu viwe vimefunguliwa, kofia imekaa juu ya usukani huku kamba zimening'inia, namba imefungwa kwenye mkanda. Wapo wanaopoteza dakika tano wakitafuta soksi, kisha wanaua miguu barabarani kutafuta dakika mbili. Kupanda baiskeli ndani ya eneo hilo ni marufuku. Inasukumwa hadi mstari.

Kukimbia baada ya baiskeli kuna maajabu yake: miguu huwa mizito kama si ya mwenyewe kwa kilomita ya kwanza. Dawa ni kuizoesha. Vilima vya Namirembe na Old Kampala viko hapo juu ya soko, na mtu anayeshuka kwenye baiskeli akakimbia dakika kumi mara moja kwa wiki huzoea kabla ya miezi miwili kwisha.

Uwanja uliopo jirani ulifunguliwa mwaka 1926 kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na kwa miaka mingi ndiko timu ya taifa ilikocheza kabla ya Namboole kufunguliwa mwaka 1997. Mwaka 2017 wachuuzi wa Park Yard, wengi wao wa nguo na viatu, waliondolewa ili ujengwe upya, na mwaka 2024 ukafunguliwa ukiitwa Hamz Stadium, wenye maduka pande zote. Waliohamishwa hawajasahau. Maduka hayo mapya yana viatu vya kukimbilia vya dukani, vilivyofungwa kwenye boksi, na bado mkimbiaji wa ridhaa huvuka barabara kwenda kuinama Owino.

Anayetaka kupeleka viatu hivyo Goma au Juba kuuza akumbuke kwamba nafuu ya Utaratibu Rahisi wa Biashara, ile ya mzigo usiozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Mtumba wa Ulaya hauingii humo hata ukiwa umenunuliwa Kampala. Anayekwenda kushindana ni tofauti: baiskeli yake ni mali binafsi, lakini afisa wa forodha hamjui. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda anavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu Januari 2014. Baiskeli haina kitambulisho. Ni vizuri kubeba risiti, kuionyesha forodha wakati wa kutoka na kuomba namba iliyogongwa kwenye fremu iandikwe, ili wakati wa kurudi isihesabiwe kuwa ni mzigo mpya. Pedali zing'olewe na usukani ugeuzwe kabla ya kufika kituo cha basi, maana pale makuli hawasubiri mtu atafute spana.