Tusiwabomolee Ndege Nyumba Zao

Wakati wa masika mbayuwayu hubeba tope mdomoni, tonge baada ya tonge, na kuligandisha chini ya upenu. Katika mitaa ya Korogwe na Handeni kazi hiyo inazidi kuwa ngumu. Nyumba za miti na udongo zilizoezekwa kwa nyasi, ambamo shorewanda hawakukosa pembe ya kujihifadhi, zinapisha matofali na bati. Miembe na misufi inayotundikwa viota na minana hukatwa kupisha fremu za maduka. Naye anayepaka rangi nyumba kwa ajili ya Idi, mara nyingi huanza kwa kukwangua kiota.

Hatusemi watu wasijenge. Makazi bora ni neema. Lakini Suratul An'am, aya ya 38, inatufundisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) kwamba Maswahaba walichukua makinda mawili safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege yule, akaamrisha arudishiwe wanawe.

Waliotangulia walilifanyia kazi funzo hili. Mjini Istanbul, Uturuki, Msikiti wa Ayazma wa karne ya 18 una vijumba vya ndege vilivyochongwa kwa mawe ukutani.

Sisi hatuhitaji mawe ya kuchonga. Mti wenye kiota usubiri: kwa ndege wadogo wengi, tangu kutaga hadi makinda kuruka ni takribani mwezi mmoja. Kiota kilicho juu ya mlango kiwekewe kibao chini yake, kinyesi kisichafue kizingiti. Handeni, ambako maji hutafutwa kwa tabu, hata yaliyosuuzia mchele yanatosha kunywesha ndege. Watoto nao waelezwe, kwa upole, kwa nini manati si mchezo.

Na bundi wa darini je? Wengi humfukuza wakihofia uchuro, ilhali Mtume (S.A.W.) amekanusha itikadi ya mikosi ya ndege. Bundi huyo huwala panya wanaomaliza mahindi yetu ghalani.

Nyumba tunayoijenga leo ina nafasi ya jirani mdogo. Allah (S.W.) atujaalie huruma kwa viumbe Vyake, nasi tuipate rehema Yake. Amin.